Nyota Iliyogoma Kuanguka

Ukiacha mistari mitatu ya juu, karatasi ile ilikuwa na namba moja tu, imepigwa mara hamsini na tatu, mstari chini ya mstari, kama adhabu ya mtoto mtundu shuleni. Bwana Sylvère aliitandaza mezani, akaikandamiza kwa viganja viwili isijikunje, kisha akamtazama Mwavita kama anavyotazamwa muuza samaki anayeapa kwamba samaki wake ni wa asubuhi ya leo.

"Mama Mwavita. Soma."

"Mia tatu kumi na saba, shefu."

"Na unaofuata?"

"Mia tatu kumi na saba."

"Na huu?"

"Shefu, kama tunasoma yote, naomba nikae."

Bwana Sylvère hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka siku za sikukuu tu, na hata hapo aliangalia kwanza nani anacheka naye. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha mashine, na dirisha lake lilitazama bandari. Ilikuwa mwaka 1971, uhuru una miaka tisa, na Bujumbura nzima ilikuwa imejifunza kuzungumza huku ikiangalia mlango.

"Mwalimu Astère," alisema, "anakuja hapa kila Jumamosi na kisanduku chake cha kadi. Anakula umeme wa Serikali, anakula karatasi ya Serikali. Nilifikiri anapiga hesabu. Sasa nimeokota kopi ya kaboni kwenye pipa, naona hii. Mtu mwenye akili timamu, Mama, anaandika kitu kimoja mara hamsini na tatu kwa sababu gani?"

"Labda anasahau haraka."

"Labda kuna mtu mahali fulani anayengoja kuambiwa mia tatu kumi na saba." Akavuta droo, akatoa barua iliyokwisha kupigwa chapa, akamwonyesha kwa mbali, akairudisha. "Hii ni barua yako ya kibali cha kukaa. Kibali kinakwisha Jumatano ya wiki ijayo, sivyo? Inangoja kalamu tu. Na kalamu inakungoja wewe. Jumatatu ijayo nataka kujua namba hii ni ya nini, na karatasi inakwenda kwa nani."

Mwavita Namegabe alishuka ngazi akishika ukuta. Alikuwa mtu wa Bukavu. Aliingia Burundi mwaka 1967, alipita mpaka wa Gatumba kwa miguu na masufuria mawili na cheti cha kupiga taipu alichopewa na masista, na cheti hicho kilimlisha kuliko masufuria. Barua za ofisi za miaka ya kwanza zilimpa kibali cha miezi kumi na miwili kila moja. Ya mwaka jana ikampa sita. Kila alipouliza kwa nini, aliambiwa ni utaratibu. Mwavita alikuwa amekwisha kukutana na utaratibu. Huko kwao ulikuja na bunduki.

Chini, katika ile ofisi ambayo watu wa mji waliiita Ofisi ya Kadi, kazi ilikuwa inaenda na kelele zake. Mashine yenyewe ilikaa chumba cha ndani, kubwa kama makabati matatu, ikipulizwa baridi na klimatizeri mchana kutwa wakati watu walioihudumia wakitoka jasho. Ilipiga mishahara ya watumishi na hesabu za kahawa. Lakini mashine haisomi mwandiko. Inasoma matundu. Kwa hiyo kila kilichoandikwa kwenye fomu, ile waliyoiita bordero, ilibidi mwanamke mmoja akitoboe kwenye kadi ngumu. Kisha mwanamke wa pili aliipiga kadi ileile upya, namba kwa namba, kwenye mashine ya kuhakiki. Mikono miwili ikipatana, kadi ilikatwa pengo dogo pembeni: ni safi. Ikikosana, taa nyekundu. Ofisi nzima ilisimama juu ya tashwishi. Hakuna mkono ulioaminiwa mpaka mwingine uushuhudie. Na kadi yenye pengo ikionekana baadaye ina kosa, aliyetoboa na aliyehakiki walifunga virago pamoja.

Mhakiki wa Mwavita alikuwa Caritas, Mrundi wa Kanyosha, mwenye mdomo usio na likizo.

"Yewe, umerudi na uso wa muhogo mbichi," alisema Caritas. "Shefu amekutongoza?"

"Angenitongoza ningejua la kujibu. Eti mia tatu kumi na saba ni nini?"

"Namba ya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya mwanamuke wa Mwalimu. Mutu anapiga namba mara hamsini asisahau mulango. We hujapenda, sha!"

Walicheka. Lakini Mwavita, akiwa bado anacheka, aliona jambo. Caritas hakuuliza ni nani aliyemtajia hiyo namba. Wala hakuuliza shefu alimwitia nini. Caritas aliyeuliza mpaka rangi ya shuka za watu, leo hakuuliza. Kicheko kikamkauka Mwavita mdomoni. Kule Bukavu, jirani mmoja alikuja kuomba chumvi, akauliza kwa upole wanalala wangapi nyumba hii. Baada ya wiki mbili askari walikuja wakijua idadi ya vitanda. Tangu hapo Mwavita aliogopa anayeuliza. Leo alijifunza kwamba asiyeuliza anatisha zaidi.

*

Jumamosi, mishahara ilipokwisha, Mwalimu Astère alifika na kisanduku chake. Alikuwa mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, amerudi kutoka Ubelgiji miaka miwili nyuma na sasa akifundisha fizikia chuo kikuu. Barua yake ya kuruhusiwa kutumia mashine ilikuwa na mihuri mitatu, na hiyo ndiyo iliyomharibia kwa Bwana Sylvère: mtu mwema, alisema shefu, mmoja unamtosha.

Mwavita alibaki nyuma, akijifanya anapanga kadi za kahawa.

"Mwiriwe, Mwalimu."

"Mwiriwe, Mama Mwavita. Hamujaenda nyumbani?"

"Nyumbani kuna joto. Hapa mashine inapulizwa, nami najibanza kwa mashine." Akasogea. "Mwalimu, miezi mitatu nakuona unalisha huyu mnyama. Unapiga hesabu ya nini?"

Astère alimtazama, akapima. Kisha, kwa kuwa mwalimu ni mgonjwa wa kuulizwa, akajibu.

"Ya nyota inayokufa. Nyota kubwa, Mama, moto wake ukiisha, inajiangukia yenyewe. Inajibana, inajibana, mpaka inakuwa mahali ambapo kitu kikiingia hakitoki. Hata mwanga. Wenzangu Ulaya wanapaita shimo jeusi."

"Umeliona?"

"Apana. Hakuna aliyeliona."

"Basi unajuaje kwamba liko?"

"Sijui. Ndiyo sababu napiga hesabu."

Mwavita aliguna. Mtu amekwenda Ulaya miaka sita, akarudi kuhesabu kitu ambacho hakuna aliyekiona, ambacho hakitoi kitu. Huyu ama ana wazimu ama ni mwongo, na mwenye wazimu hapewi mihuri mitatu.

"Na mashine inakuambia nini?"

Hapo Astère alisahau kupima. Alichukua kitunguu kutoka kwenye kikapu cha Mwavita cha sokoni bila hata kuomba, akakiinua. Nyota, alisema, hawezi kuiingiza nzima mashinani. Kumbukumbu ya mashine ni finyu kama chumba cha mseja. Kwa hiyo ameikata maganda arobaini, kama kitunguu hiki. Kila ganda linaanguka juu ya lililo chini yake. Mashine inasogeza maganda yote hatua moja ya muda, inachapa namba moja inayosema nyota imebanwa kiasi gani, kisha hatua nyingine. Mwanzoni hatua ndefu hazina neno. Lakini maganda yakikaribiana lazima hatua zifupishwe, tena na tena, la sivyo ganda moja linaruka juu ya jingine na hesabu yote inakuwa uji.

"Kama kushuka ngazi gizani," alisema Mwavita.

"Kabisa! Ukifika karibu na chini, unapapasa kwa kidole cha mguu. Sasa, kuiacha mashine ijipimie hatua yenyewe, kumbukumbu haitoshi. Nimeiandikia mimi kwa mkono, kadi hamsini na sita, kila kadi hatua moja. Kumi na mbili na nusu. Nusu yake, sita na robo. Nusu yake tena, tatu na ushee. Mpaka chini ya moja, mpaka robo, na hapo tunakwenda robo robo hadi mwisho. Na nyota imefanya nini? Arobaini na moja, mia na kumi na nane, mia mbili na sita, mia tatu kumi na saba. Halafu pa! Imesimama."

"Imegoma."

"Imeganda! Wakubwa wa elimu hii wanasema anayetazama kwa mbali ataiona nyota inaganda, kwa sababu karibu na shimo saa yenyewe inachelewa. Niliomba igande, ikaganda. Mapema kidogo kuliko nilivyodhani, lakini imeganda. Jumatatu karatasi zinapanda ndege kwenda kwa profesa wangu wa zamani."

Mwavita alirudia moyoni: mapema kidogo. Alikuwa ametoboa mishahara miaka minne. Mwezi ambao hesabu zilimpendeza kila mtu ndio mwezi zilipokuwa na kosa.

"Mwalimu, kwetu mutu akipewa na mugeni kitu kilekile alichokuwa anakitamani, anashukuru, halafu anahesabu vidole vyake kama viko vyote."

Astère alishusha kitunguu polepole. "Mama Mwavita. Miezi mitatu hujaniuliza hata saa ngapi. Leo umeuliza nini, umeuliza vipi, umebakiza kuuliza kwa nani, nami nimekujibu kabla. Nani amekutuma?"

"Shefu ananituma kila siku. Hata chai."

"Hiyo si jibu."

"Ni jibu la mutu mwenye kibali cha miezi sita."

Klimatizeri ilikohoa. Astère alianza kurudisha kadi kisandukuni, akizifunika na mkono kama mtoto anayeficha daftari lake kwa mwenzake. Karatasi moja ikamponyoka, ikaanguka miguuni pa Mwavita. Ilikuwa bordero yake ya hatua, ile aliyoiandika kwa mkono miezi mitatu nyuma na wao wakaitoboa. Mwavita aliinama kumwokotea, na kabla kichwa hakijasema neno, vidole vilimwasha.

Ilikuwa bordero ya mishahara. Chuo hakikuwa na fomu zake, kwa hiyo mtu fulani hapa ofisini alimpa Mwalimu fomu za ofisi. Na fomu za ofisi zilikuwa na mstari mwekundu uliosimama: kushoto faranga, kulia santimu, yaani senti za faranga. Mwalimu, mtu nadhifu, alikuwa ameweka namba zake nzima kushoto na nusu zake na robo zake kulia.

Na katika Ofisi ya Kadi, santimu hazitobolewi.

Hilo halikuwa jambo la kufikiri. Nani Bujumbura aliyewahi kushika santimu mkononi? Tangazo lilibandikwa ukutani tangu 1968, limegeuka manjano, hakuna aliyelisoma tena kwa kuwa vidole vilikwisha kulimeza: upande wa santimu unarukwa. Mwavita alichukua kadi ya tano kutoka kisandukuni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kushoto, sifuri. Kulia, pale palipotakiwa kuwa na sabini na nane, kadi ilikuwa nzima kama shavu la mtoto. Na pembeni, pengo dogo la Caritas: safi. Mkono wa pili ulikuwa umeruka palepale uliporuka wa kwanza.

Kumi na mbili. Sita. Tatu. Moja. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Nyota haikuganda. Nyota ilinyimwa muda. Mara hamsini na mbili mashine iliambiwa: ngoja sifuri, kisha niambie imebadilika vipi; nayo, mtiifu kama askari wa zamu, ikajibu haijabadilika.

"Kuna nini?" aliuliza Astère.

Jibu lilikuwa ulimini. Lakini kadi yenye pengo na kosa ni virago, vyake na vya Caritas, na mkimbizi asiye na kazi hana barua, na asiye na barua anajua njia ya Gatumba.

"Hakuna kitu, Mwalimu," alisema, akamrudishia. "Nilikuwa naangalia kama imekunjika."

*

Jumapili alifua nguo zilizokuwa safi. Jumatatu, kabla saa ya kazi haijagonga, alimkuta Caritas mlangoni pa ofisi akila karanga.

"Caritas, nikuulize kitu, na ukinidanganya nitajua."

"Ukijua kwa nini uniulize?"

"Shefu alikuita na we?"

Caritas aliacha kutafuna. Akatazama bandari, akatazama njia. "Aliniita Jumatatu ile aliyokuita we, kabla yako," alisema. "Alisema nikuangalie. We uangalie Mwalimu, mi nikuangalie we, halafu alinganishe. Nimemwambia Jumatatu umekula maharage, Jumanne umekula maharage, Jumatano sombe. Ameandika, sha! Ameandika sombe!"

"Anatuhakiki."

"Kama kadi."

Mwavita alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Kisha akamweleza kuhusu santimu. Caritas alisikiliza, karanga zikamlowa kiganjani. "Mungu wangu," alisema mwishowe. "Pengo ni langu."

"Ni letu."

"Tunyamaze?"

Kabla Mwavita hajajibu, gari jeusi lilisimama mbele ya ngazi. Walishuka wanaume wawili wenye miwani myeusi, na katikati yao Mwalimu Astère, shati lake limefunguka kifungo cha juu. Mmoja wao alishika bahasha kubwa yenye stempu za ndege, imechanwa.

Robo saa haikupita, Mwavita aliitwa juu.

Bwana Sylvère alikuwa amevaa tai. Wageni wawili walikaa ukutani bila kuvua miwani. Astère alisimama katikati ya chumba, na alipomwona Mwavita aliangalia pembeni, kama mtu aliyelipata jibu la swali lake la Jumamosi. Mezani karatasi zilitandazwa, mia tatu kumi na saba kutoka ukingo hadi ukingo, na kando yake kisanduku cha kadi na bordero yake.

"Mama Mwavita," shefu alisema kwa sauti ya sikukuu, "mwenyewe anatueleza habari za nyota. Nyota! Umeongea naye. Waambie waheshimiwa, mia tatu kumi na saba ni nini."

Mgeni mnene alitoa kalamu. Droo ya shefu ilikuwa wazi kidogo, na barua ilionekana.

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema hata lile walilotaka kusikia. Alilijua, lilikuwa limewekwa wazi pale kama kiti. Mwavita alitazama shingo ya Astère, pale kifungo kilipokuwa kimeng'oka, uzi umebaki.

"Ni kosa langu," alisema.

"Kosa gani?"

"La kazi, shefu. Iyo namba si siri ya mutu. Ni mi sikutoboa santimu." Akaeleza, akaonyesha kwa kidole: mstari mwekundu wa bordero, kadi ya tano, ya sita, ya kumi, akiziinua moja moja dirishani mpaka mgeni mwembamba akalazimika kuvua miwani ili aone. Alikuwa na macho ya kawaida kabisa, yenye usingizi.

Astère aliichukua kadi mkononi mwake, akaigeuza. Uso wake ulijibana ganda kwa ganda. "Hatua sifuri," alinong'ona. "Kwa hiyo haikuganda."

"Pole, Mwalimu."

"Miezi mitatu nimeifurahia sifuri."

"Subiri," alisema Bwana Sylvère, sauti ya sikukuu imekwisha. "Kadi hii ina pengo. Imehakikiwa. Mtobozi anaweza kukosea, lakini mhakiki akosee palepale, kadi hamsini na sita? Mikono miwili kukosa sawasawa hivyo si kosa, Mama. Hayo ni mapatano."

Wageni waligeuka kumtazama Mwavita. Hapa ndipo alipojua kwamba alikuwa amelingoja swali hili tangu Jumamosi.

"Mikono miwili, shefu, lakini mwalimu wao ni mumoja." Akatoa kifuani karatasi ya manjano, pembe zake bado na gundi ya ukutani, akaiweka juu ya mia tatu kumi na saba zote.

Mgeni mnene aliivuta, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha: "'Kuanzia leo, upande wa santimu hautobolewi wala hauhakikiwi, kwa kazi yoyote ile. Atakayekiuka ataadhibiwa.' Sahihi..." Akainua kichwa. "Hii ni sahihi yako, Bwana Sylvère?"

Bwana Sylvère aliitazama sahihi yake kwa muda mrefu, kama vile alitumaini ni ya ndugu yake.

"Kwa kazi yoyote ile," alirudia mgeni mwembamba. "Na mashine hii ndiyo inapiga mishahara yetu?"

"Mishahara iko sawa, mheshimiwa, mishahara haina..."

"Tuione ikipiga."

Wakashuka wote. Mwavita alitoboa kadi hamsini na sita upya, mgeni mwembamba amesimama nyuma ya bega lake akipumua kitunguu saumu. Caritas alihakiki, kwa mara ya kwanza maishani mdomo wake umefungwa. Mara tatu taa nyekundu iliwaka, kwa sababu vidole vya Caritas viliruka vyenyewe, na kila ilipowaka wageni walinyoosha mgongo. Kisha Astère alilisha kadi, mashine ikavuta, ikanguruma, na karatasi ikaanza kupanda.

Arobaini na tatu. Mia moja ishirini na saba. Mia mbili thelathini na moja. Mia tatu arobaini na tisa. Mia nne na kitu, mia saba, elfu. Haikusimama. Nyota ilijiangukia kama gunia lililokatika kamba, kila mstari namba nene kuliko wa juu yake. Mistari kumi ya mwisho haikuwa namba hata kidogo. Ilikuwa vinyota, vinane vinane, vimejipanga upana wote wa safu.

"Na hivi?" aliuliza mgeni mnene, kalamu juu. "Hii ndiyo siri?"

"Apana," alisema Astère. Alikuwa amepiga goti kando ya mashine, karatasi inapita mikononi mwake. "Safu nimeipa nafasi nane. Namba ikiwa kubwa kuliko nafasi, mashine inaweka vinyota. Maana yake: kuna namba, lakini siwezi kukuonyesha."

"Namba gani?"

"Sijui. Hata kama ningeipa nafasi ishirini, ingefika mahali ikashindwa. Na siwezi kujua kama imeshindwa kwa sababu ya nyota, au ya mashine, au yangu mimi."

"Kwa hiyo palepale unapotaka kujua, ndipo inapoficha."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mgeni mwembamba alirudisha miwani yake. "Kazini kwetu pia," alisema, "ni hivyohivyo." Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu alitabasamu, ingawa hakuna aliyejua kama ilifaa kumjibu.

Waliondoka na karatasi zote, za namba na za vinyota. Walimwacha Mwalimu. Walichukua pia tangazo la manjano, na Bwana Sylvère aliwasindikiza mpaka garini akiinama zaidi ya ilivyohitajika.

Aliporudi hakumtazama mtu. Alipanda juu, akashuka na barua, akaiweka mbele ya Mwavita, akatoka nje. Ilikuwa na sahihi, wino haujakauka. Kumfukuza mwanamke kwa kosa lililoamriwa na mkono wako mwenyewe, wakati sahihi ya mkono huo iko ndani ya gari jeusi, hata yeye aliona si hesabu nzuri. Lakini mahali pa muda alikuwa amejaza kwa kalamu.

Mwavita aliisoma. Akaiinua dirishani, kama kadi, kutafuta kilichorukwa. Akampa Caritas.

"Hakiki."

"Miezi mitatu," alisoma Caritas.

"Mi pia nimesoma mitatu."

"Basi ni mitatu." Lakini Caritas hakuonekana kuridhika, na Mwavita vilevile, kwa kuwa tangu asubuhi ile kupatana kwa mikono yao miwili hakukuwa na thamani ya zamani.

Mwavita akamgeukia Astère, aliyekuwa bado sakafuni akikusanya kadi. Mwalimu hakuwa amemshukuru, wala hakuwa amemsamehe. Watu humsahau upesi aliyewapa uhuru kuliko aliyewavunjia ndoto. "Mwalimu, soma na we. We haukufundishwa na shefu."

Astère alifuta mikono kwenye suruali, akaisoma barua mpaka muhuri. "Mitatu," alisema. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akauliza: "Na ya kabla yake?"

"Sita."

"Na ya kabla?"

"Kumi na miwili."

Mwalimu alikunja barua kwa uangalifu, akamrudishia kwa mikono yote miwili. Kwa dirisha, Bwana Sylvère alionekana amesimama nje peke yake, akiiangalia njia iliyochukuliwa na gari, na njia ilikuwa tupu.

"Muzuri," alisema Mwavita, akaitia barua kifuani. "Safari ijayo atanipa mumoja na nusu. Na mi nitamwambia, shefu, nusu usiiruke."